Jinsi ya Kugundua Beringi Mbovu na Uvujaji wa Hewa kwa Kusikiliza Mashine: Mwongozo Kamili kwa Mafundi wa Mtwara na Lindi

Kila msimu wa korosho unapokaribia, mafundi wa viwanda vya kubangua korosho na wenye mashine za kusaga katika mikoa ya Mtwara na Lindi hukwama mahali palepale. Wamepata kigunduzi cha ultrasaundi, yaani kifaa cha kunasa sauti nyembamba mno zisizosikika kwa sikio, au wamepakua programu ya kurekodi sauti kwenye simu, wamekiweka kifaa juu ya mota na kusikia kelele, kisha hawajui kelele hiyo ina maana gani. Wengine hung'oa beringi nzima na kuiacha iliyo mbovu, na wengine huongeza girisi hadi inafurika ndani ya mota, kelele ikatulia kwa muda mfupi na kurudi kwa kishindo.

Mara nyingi vifaa vyenyewe havina tatizo. Kifaa hakijui mashine hiyo ilisikikaje ilipokuwa nzima. Wewe ndiye unayepaswa kuitunza kumbukumbu hiyo. Anayesikiliza mashine kwa mara ya kwanza siku ambayo imeanza kulia hana cha kulinganisha, na anayesikiliza leo upande wa feni na kesho upande wa puli hana vipimo viwili, bali ana kelele mbili zisizohusiana. Hatua zote zilizomo humu zinarudi kwenye jambo hilo: kulinganisha sauti ya sehemu ileile, ikiwa na mzigo uleule, iliyopimwa kwa namna ileile.

Nimejikita kwenye beringi za gololi za mota, feni, mikanda ya kusafirishia na mashine za kusaga, kwa sababu ndizo zinazosimamisha kazi mara nyingi zaidi. Uvujaji wa hewa una sehemu yake baadaye, na pampu zimeelezwa kwa kifupi.

## Vifaa vinavyohitajika

- Kigunduzi cha ultrasaundi chenye ncha ya kugusa chuma na hedifoni. Vigunduzi vingi husikiliza karibu na kilohezi 40 (mitetemo 40,000 kwa sekunde), yaani mara mbili ya kikomo cha sikio la binadamu, na kuishusha sauti hiyo hadi kiwango kinachosikika.
- Stetoskopu ya fundi, ile yenye fimbo ya chuma, kwa asiye na kigunduzi.
- Simu inayoweza kurekodi faili la WAV, pamoja na kompyuta yenye Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti.
- Kisahani cha piezo, kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, kile kinachopatikana ndani ya vibuza vya saa za kengele na vya vifaa vya watoto, kilichogundishwa juu ya sumaku ya spika kuukuu na kuunganishwa na waya wa maikrofoni. Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kinachofanya kazi kubwa kuliko bei yake.
- Takometa, yaani kipima kasi ya mzunguko, au angalau kibati cha mota kinachosomeka.
- Bomba la girisi na mizani ndogo ya kupimia gramu.
- Kalamu ya rangi isiyofutika, daftari moja kwa kila mashine, glovu na viziba masikio.

Bisibisi ndefu iliyoegemezwa sikioni imewasaidia mafundi wengi, nami siidharau. Hata hivyo haiweki kumbukumbu, na mkono ukiteleza, mpini wake huishia ndani ya sikio.

## Tahadhari kabla ya kuanza

Usisikilize peke yako. Aliyevaa hedifoni hasikii mtu anayemwita wala mkanda unaoanza kukatika, kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili aliyesimama karibu na swichi ya kuzimia. Funga mikono ya shati, vua kanga, mtandio au kamba ya kitambulisho shingoni, na usiiondoe kinga ya puli ili kifaa kifike karibu zaidi. Kama beringi haifikiki bila kuondoa kinga, zima mashine, gundisha kisahani cha piezo, pitisha waya, rudisha kinga, ndipo uwashe.

Katika kiwanda cha korosho kuna hatari nyingine. Mafuta ya maganda hubabua ngozi, nayo hutapakaa juu ya mota zilizo karibu na mashine za kubangulia. Vaa glovu, na ufute ncha ya kifaa kila unapohama mashine.

Kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku inatosha kuharibu masikio taratibu, na vyumba vingi vya mashine za kusaga huvuka kiwango hicho. Punguza sauti ya hedifoni kabla ya kuivaa, kisha uipandishe polepole.

Mahali penye gesi inayoweza kulipuka, kama ilivyo kwenye mitambo ya gesi ya Madimba na Songo Songo, usiingie na simu wala kigunduzi cha kawaida. Maeneo hayo yanataka vifaa vyenye cheti maalumu na kibali cha kazi.

## Hatua ya 1: Andika kitambulisho cha kila mashine

Fungua ukurasa wa mashine moja na uandike kasi yake kwa dakika, namba za beringi zake, aina ya girisi, na kipenyo cha puli. Namba ya beringi imechongwa kwenye pete yake. Kama hujawahi kuifungua mota, kibati cha baadhi ya mota huitaja, vinginevyo itafute kwenye jedwali la mtengenezaji kwa kutumia ukubwa wa fremu.

Kazi hii inachosha, na ndiyo ambayo mafundi wengi huiruka. Bila namba ya beringi huwezi kujua ina gololi ngapi, na bila idadi ya gololi Hatua ya 7 haiwezekani.

Zingatia herufi zinazofuata namba. Beringi iliyoandikwa 6205-2RS au 6205-ZZ imefunikwa pande zote na haiongezwi girisi. Ukiona mtu anailisha girisi beringi ya aina hiyo, ujue girisi yote inaishia kwenye nyaya za mota.

## Hatua ya 2: Chagua sehemu ya kusikilizia na uiwekee alama

Sehemu sahihi ni pale ambapo chuma kinaungana moja kwa moja na nyumba ya beringi, bila bati, gasketi wala nafasi ya hewa katikati. Kifuniko cha feni hakifai hata kidogo, kwa kuwa ni bati linalotetemeka lenyewe. Mapezi ya kupoozea mota nayo hayafai.

Kwenye mashine inayoendeshwa kwa mkanda, chagua upande ambao mkanda unavutia, kwa sababu huko ndiko beringi inakobeba mzigo na ndiko kovu la pete ya nje hutokea kwanza. Weka nukta ya rangi yenye ukubwa wa sarafu na uiandike kwa herufi: A kwa upande wa puli, B kwa upande wa feni.

Sababu ya ukali huu ni kwamba sauti ya masafa ya juu, yaani yenye mitetemo mingi kwa sekunde, hupungua sana kila inapovuka kiungio. Sifa hiyohiyo ndiyo inayokusaidia: beringi ya mashine ya jirani haitasikika kwa nguvu kwenye nukta yako. Ukihama sentimita chache na kuvuka kiungio kimoja, usomaji unaweza kushuka kwa desibeli kadhaa, ukadhani mashine imepona.

Umefanikiwa ikiwa watu wawili tofauti, kila mmoja akipima kwa zamu kwenye nukta ileile, wanapata usomaji usiopishana kwa zaidi ya desibeli 2. Wakipishana zaidi, kagua namna wanavyoshika kifaa. Ncha iwe wima dhidi ya chuma, na mkandamizo uwe wa wastani usiobadilika.

## Hatua ya 3: Rekodi sauti ya mashine ikiwa nzima

Fanya hivi kabla ya msimu, mashine zinapojaribiwa, na si baada ya malalamiko kuanza. Iache mashine ifanye kazi kwa dakika 20 hivi ili girisi ipate joto, uweke mzigo wa kawaida, kisha pima kila nukta na uandike tarehe, mzigo, na desibeli. Rekodi pia sekunde 30 za sauti.

Kama unatumia simu, kuna mitego mitatu inayoharibu kila kitu. Programu nyingi za kurekodi huondoa kelele za pembeni ili maneno yasikike vizuri, na kelele hizo ndizo unazozitafuta. Zima huduma hiyo. Nyingi pia hupandisha na kushusha sauti zenyewe, kiasi kwamba mashine tulivu na mashine inayokufa hutoka na ukubwa uleule. Izime pia, na kama haizimiki tafuta programu nyingine. Tatu, chagua WAV badala ya faili lililobanwa, kwa kuwa kubana hufuta masafa ya juu.

Usilinganishe namba za simu na za kigunduzi, wala za kigunduzi kimoja na cha kampuni nyingine. Kila kifaa kina sifuri yake. Kinachosomwa ni tofauti kati ya leo na siku ile mashine ilipokuwa nzima, kwa kifaa kilekile.

Je, kama mashine zako zote ni kuukuu na hakuna iliyo nzima kabisa? Tafuta mashine pacha. Kiwanda chenye mota nne zinazofanana, zenye kasi na mzigo mmoja, kinaweza kutumia zile tatu zinazokaribiana kama kipimo cha ya nne. Njia hii haina uhakika sawa na kumbukumbu ya mashine yenyewe, ila ni bora kuliko kukisia.

## Hatua ya 4: Tenganisha kelele ya umeme na kelele ya beringi

Kabla ya kuishuku beringi, anza kurekodi mashine ikiwa inazunguka, kisha mwambie mwenzako azime swichi huku ukiendelea kurekodi hadi shafti isimame.

Kelele ya umeme hukatika papo hapo umeme unapokatwa. Kelele ya beringi, ya mkanda au ya feni huendelea, ikipungua kasi pamoja na shafti. Jaribio hili halina gharama, nami naona halina mpinzani katika kazi yote ya kutafuta hitilafu kwa sauti.

Umeme wetu una masafa ya hezi 50, nayo mota huunguruma kwa hezi 100, yaani mara mbili ya hapo. Mngurumo huo ukiwa mkubwa kuliko kawaida na ukakatika papo hapo, mwite fundi umeme apime kama fezi tatu zina volteji sawa, na akague kama mota imekazwa vizuri kwenye msingi wake. Kubadilisha beringi hakutasaidia.

## Hatua ya 5: Soma ongezeko la desibeli

Kwa kigunduzi cha ultrasaundi, mafundi wengi hutumia mipaka hii juu ya kipimo cha mashine ikiwa nzima:

- Ongezeko la desibeli 8: beringi inahitaji girisi.
- Ongezeko la desibeli 16: uharibifu umeanza, panga kuibadilisha.
- Ongezeko la desibeli 35: beringi iko karibu kuvunjika, simamisha mashine.

Desibeli hazijumlishwi kama kilo. Ongezeko la 8 maana yake ukubwa wa wimbi umezidi mara 2.5, la 16 ni zaidi ya mara 6, na la 35 ni zaidi ya mara 50. Ndiyo maana tofauti kati ya 16 na 35 isionekane ndogo.

Pima mara ya pili kabla ya kuamua lolote. Ongezeko linalojitokeza mara moja na kutoweka siku inayofuata kwa kawaida limetokana na mzigo au na mshiko wa mkono.

## Hatua ya 6: Tia girisi huku ukisikiliza

Ongezeko likiwa kati ya 8 na 16, na beringi ikiwa ya kutiwa girisi, weka ncha kwenye nukta, vaa hedifoni, na usukume girisi kidogo kidogo, ukisubiri sekunde kadhaa kati ya msukumo mmoja na mwingine.

Ili kujua kiasi, zidisha kipenyo cha nje cha beringi kwa upana wake, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005, jibu ni gramu. Beringi 6308 ina kipenyo cha nje cha milimita 90 na upana wa 23, kwa hiyo inataka takribani gramu 10. Bomba lako linatoa gramu ngapi kwa msukumo mmoja? Usikisie: sukuma mara 10 juu ya karatasi, pima kwenye mizani, gawanya kwa 10, uandike jibu kwenye bomba lenyewe.

Sauti itakujibu kwa njia tatu. Ikishuka na kubaki chini, beringi ilikuwa na kiu tu. Ikishuka na kurudi juu baada ya muda mfupi, uso wa chuma umeshaharibika na girisi imeufunika kwa muda. Nenda Hatua ya 7. Ikianza kupanda wakati unaendelea kusukuma, acha mara moja, kwa sababu girisi imezidi na gololi zinaisukuma badala ya kuzunguka, jambo linaloleta joto.

Onyo moja zaidi: girisi mbili zenye misingi tofauti, kwa mfano ya lithiamu na ya poliurea, zikichanganywa zinaweza kuyeyuka na kuvuja. Usichukue girisi iliyo nafuu dukani kwa sababu tu rangi yake inafanana na ile ya zamani.

## Hatua ya 7: Pima nafasi kati ya midundo

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, nami nawaomba wasifanye hivyo, kwa kuwa hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Pete ya beringi ikipata kovu, kila gololi inayopita juu yake hutoa mdundo mfupi mkali. Midundo hiyo hujirudia kwa mpangilio unaotegemea kasi ya shafti na idadi ya gololi, na mpangilio huo hueleza ni sehemu gani imeumia.

Chukua mota ndogo ya mkanda wa kusafirishia korosho, yenye beringi 6205 na kasi ya mizunguko 1,440 kwa dakika. Gawanya kwa 60 upate mizunguko 24 kwa sekunde. Beringi 6205 ina gololi 9.

- Pete ya nje: 0.4 × 9 × 24 = midundo 86 hivi kwa sekunde, yaani mdundo mmoja kila milisekunde 11.6.
- Pete ya ndani: 0.6 × 9 × 24 = midundo 130 hivi kwa sekunde, yaani mmoja kila milisekunde 7.7.
- Kizimba cha gololi, kile kinachozitenganisha gololi: 0.4 × 24 = midundo 9.6 kwa sekunde, yaani mmoja kila milisekunde 104.

Vizidishi vya 0.4 na 0.6 ni vya makadirio. Gololi nazo huteleza kidogo. Tofauti ya asilimia chache isikusumbue.

Sasa fungua rekodi ndani ya Audacity. Kwanza tumia kichujio kinachopitisha masafa ya juu tu, ukikiweka kwenye hezi 2,000. Usikiruke. Mngurumo wa mota na wa feni upo chini ya hapo na huifunika midundo kabisa, ilhali mdundo wa chuma kugonga chuma umebeba nguvu zake nyingi juu ya hapo. Kisahani cha piezo kinafaa hapa hata kikiwa dhaifu kwenye masafa ya chini, kwa maana masafa hayo tungeyatupa vilevile.

Kisha kuza mchoro wa mawimbi hadi uone takribani milisekunde 200 kwenye skrini. Ukiona vilele vikali vinavyojirudia, chagua kuanzia kilele kimoja hadi kilele cha kumi baada yake, usome urefu wa muda chini ya dirisha, na ugawanye kwa 10. Kupima nafasi moja pekee huleta makosa, lakini ukipima kumi makosa hayo hupungua.

Angalia pia urefu wa vilele. Kovu la pete ya nje limekaa mahali pamoja, kwa hiyo vilele vyake hukaribiana kwa urefu. Kovu la pete ya ndani huzunguka na shafti, likiingia na kutoka kwenye upande wenye mzigo, ndiyo maana vilele vyake hupanda na kushuka kila shafti inapomaliza mzunguko, ambao kwa mota yetu ni milisekunde 42 hivi. Ukiiona sura hiyo, huhitaji ushahidi mwingine mwingi.

Jihadhari na nafasi ya milisekunde 10 kamili. Hiyo ni hezi 100 ya umeme, nayo iko karibu mno na 11.6 kiasi cha kumpotosha mwenye haraka. Rudia rekodi ya Hatua ya 4: baada ya swichi kuzimwa, midundo ya beringi huachana taratibu kadiri shafti inavyopungua kasi, ilhali ile ya umeme hutoweka.

Kiungio cha mkanda nacho hugonga kikipita juu ya puli. Kokotoa: kipenyo cha puli mara 3.14 mara mizunguko kwa sekunde, gawanya kwa urefu wa mkanda. Puli ya milimita 100 kwenye mota yetu, yenye mkanda wa milimita 1,600, itaupitisha mkanda mzima mara 4.7 kwa sekunde, nafasi ya milisekunde 212 hivi. Nafasi ndefu kiasi hicho haiwezi kuwa kovu la pete.

## Hatua ya 8: Amua, agiza, badilisha

Ongezeko likiwa juu ya 16 na midundo ikilingana na hesabu, agiza beringi siku hiyohiyo na upime kila siku hadi ifike. Faida ya kujua mapema ni kubwa kwetu kuliko kwa fundi wa Dar es Salaam, kwa sababu beringi isiyopatikana Mtwara mjini wala Masasi itasafiri mamia ya kilomita kukufikia, na mashine haitakusubiri.

Wakati wa kuifunga, nguvu iende kwenye pete inayobana. Beringi inayoingia kwenye shafti husukumwa kwa pete ya ndani. Ukiigonga pete ya nje kwa nyundo, gololi huacha alama ndani na beringi mpya huanza kazi ikiwa na kovu. Ukiipasha beringi iliyo wazi ili itanuke, joto lisizidi nyuzi 110 za Selsiasi, na usitumie moto wa moja kwa moja.

Baada ya saa chache za kazi, rekodi upya nukta zote. Hicho ndicho kipimo chako kipya. Kile cha zamani kipige mstari, usikifute.

## Hatua ya 9: Pasua beringi ya zamani

Beringi iliyotolewa isitupwe kabla ya kukatwa. Vaa miwani ya kinga, ikate pete ya nje, uioshe kwa dizeli, na uangalie njia ya gololi.

Kovu moja upande wa mzigo ni uchovu wa kawaida. Alama ndogo zenye nafasi sawa na nafasi ya gololi, kwenye mashine iliyokaa bila kazi, hutokana na mtikisiko wa mashine za jirani wakati shafti imesimama. Viwanda vya korosho husimama kwa miezi, kwa hiyo zungusha shafti kwa mkono mara kwa mara nje ya msimu.

Mistari myembamba iliyopangana sambamba kuzunguka pete nzima huletwa na umeme uliopita ndani ya beringi. Chanzo kimoja ni kifaa cha kubadilisha kasi ya mota. Kingine ni fundi wa kuchomelea aliyefunga waya wa ethi mbali na kazi yake, mkondo ukapitia shafti kurudi nyumbani. Waya wa ethi ufungwe karibu kabisa na pale panapochomelewa, upande uleule wa beringi. Agizo hilo nimeona likipuuzwa kuliko mengine yote.

## Pampu kwa kifupi

Pampu za maji, zikiwemo zile zinazopandisha maji kuelekea vijiji vya uwanda wa juu wa Makonde, zina kelele moja ya kuzingatia: mlio wa changarawe zinazogongana ndani ya pampu ambamo hamna changarawe. Huo ni mlio wa viputo vya mvuke vinavyopasuka kwa sababu maji hayaingii kwa kasi ya kutosha. Kagua chujio la upande wa kuvutia, valvu yake, na kina cha maji kisimani. Mlio ukipungua unapofunga kidogo valvu ya upande wa kutolea, umethibitisha. Usiifunge valvu ya upande wa kuvutia, maana utazidisha tatizo.

## Kutafuta hewa inayovuja

Mashine za kumenya na za kuchambua korosho hutumia hewa ya kompresa, na tundu la milimita 3 kwenye bomba lenye shinikizo la baa 7 hupoteza takribani lita 10 za hewa kwa sekunde. Kuizalisha hewa hiyo kunakula kilowati 3 hadi 4 mfululizo, na hakuna anayeiona.

1. Pima hasara kabla ya kutafuta. Zima mashine zote zinazotumia hewa, acha kompresa ikiwa imewashwa, kisha rekodi muda inaojaza na muda inaopumzika. Gawanya muda wa kujaza kwa jumla ya muda wote, zidisha kwa 100. Ikijaza kwa dakika 2 na kupumzika kwa dakika 6, asilimia 25 ya uwezo wake inavuja. Lenga chini ya 10.

2. Pita na kigunduzi bila ncha ya kugusa. Anza na usikivu mkubwa, ukielekeza kifaa kwenye viungio, vali, vichujio na mipira. Sauti ya kilohezi 40 ina urefu wa wimbi wa chini ya sentimita 1, ndiyo maana huenda kwa mstari ulionyooka na inaweza kufuatwa hadi chanzo chake.

3. Punguza usikivu kadiri unavyokaribia. Wengi hubaki na usikivu mkubwa, kila upande ukasikika sawa, wakadhani kifaa ni kibovu. Shuka hadi ubaki na mwelekeo mmoja tu unaosikika, kisha vika koni ya mpira mbele ya kifaa.

4. Ziba kelele za jirani. Kuvuja kukubwa hufunika kudogo, na sauti huakisiwa na ukuta. Kinga kwa kipande cha kadibodi; sauti ikikatika, inatoka upande huo.

5. Thibitisha kwa povu la sabuni, kisha funga lebo. Asiye na kigunduzi aanze hapahapa, kwa brashi, wakati wa mapumziko ya mchana karakana ikiwa kimya. Ni kazi ya polepole, ila povu halidanganyi.

Rekebisha kuanzia kwenye lebo zenye sauti kubwa, kisha rudia kipimo cha namba 1 kompresa ikiwa na baa zilezile. Asilimia ikibaki palepale ingawa viungio vyote vimekazwa, kagua mahali ambapo hewa ina ruhusa ya kutoka: valvu ya kutolea maji chini ya tangi, ambayo mara nyingi huachwa wazi kidogo kwa makusudi ili mtu asipate kazi ya kuifungua kila asubuhi.